Kufuata majalada, kutoka Upanga hadi Tabora

Jumatatu, Dar es Salaam

Nimetumwa kuisaidia halmashauri moja ya wilaya, kanda ya kati, kupanga stoo yake ya kumbukumbu kabla haijahamia jengo jipya. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyaandika humu nimeyakuta kwenye halmashauri nyingi na si haki moja ibebe mzigo wa wote. Kabla ya kupanda treni nimepita Nyaraka za Taifa, Upanga. Ukikimbilia stoo bila kujua ni nini cha wilaya hiyo kilishafika kwenye hifadhi ya taifa, utahangaika kuokoa karatasi ambayo nakala yake iko salama hapa, na utaiacha ile ambayo haipo popote duniani.

Hifadhi hii ilianzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1963, ikapata sheria yake mwaka 1965, na leo inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002. Kwenye chumba cha wasomaji unaandika kwa penseli. Kwa wilaya yangu, ya enzi za Mwingereza yapo ya kutosha: kitabu cha wilaya, ambacho mabwana shauri, yaani watawala wa wilaya wa Kiingereza, walikuwa wakirithishana na kila mmoja akiongeza habari za mipaka, machifu, mvua na njaa, majalada ya kodi, barua za mabaraza ya wenyeji. Majalada ya utawala wa Kijerumani nayo yamo kwenye jengo hili, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Pengo linaanza baadaye. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Miji ilirudishiwa mabaraza yake mwaka 1978. Wilaya zilisubiri hadi 1984, baada ya Bunge kupitisha sheria za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji. Maana yake kuna miaka zaidi ya kumi ambayo ofisi iliyoyazaa majalada haikuwepo tena kuyadai, na ofisi iliyoyapokea haikuyahesabu kuwa ni yake. Kwenye orodha za hapa sikuona kitu cha halmashauri yangu cha kipindi hicho. Nimeandika kwenye daftari: 1972 hadi 1984, tafuta stoo.

Jumanne, Dodoma

Treni ya reli ya kisasa, SGR, ambayo tangu 2024 imeifanya Dodoma iwe safari ya nusu siku. Mchana nimeshafika.

Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, mahali ambapo majalada yasiyohitajika kila siku, lakini ambayo bado hayajafika wakati wa kuteketezwa wala wa kuhifadhiwa moja kwa moja, yanakaa kwenye rafu yakisubiri uamuzi. Ni hatua ya katikati, na umuhimu wake watu hawauoni mpaka ikosekane. Halmashauri nyingi nilizofika hazina hatua hiyo. Jalada likimaliza kazi masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, linatoka mlangoni na kutupwa kwenye chumba chochote chenye kufuli. Hakuna anayeamua liishi au life. Linaamuliwa na mchwa.

Jioni nimekaa na mwenzangu wa siku nyingi anayeshughulika na ardhi. Tumezungumza juu ya ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Iliundwa mwaka 1973, ikavunjwa Mei 2017, shughuli zake zikapelekwa Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Hebu fikiria hilo kwa macho ya mtunza kumbukumbu: zaidi ya miaka arobaini ya viwanja, ramani, barua za toleo na stakabadhi, vyote vinabadilisha mwenye nyumba kwa tamko la siku moja. Kila jalada pale ni ukuta wa mtu, au msingi ambao hajaumalizia. Ndiyo maana nasema makabidhiano si shughuli ya makarani. Taasisi inaweza kuvunjwa asubuhi, lakini mwananchi aliyelipia kiwanja chake bado anaishi mchana.

Jumatano, makao makuu ya halmashauri

Nimepokelewa na dada wa masijala, kijana aliyesomea kazi hii na anayeipenda. Masijala yenyewe iko vizuri: rejista ya barua zinazoingia, rejista ya zinazotoka, karatasi za kila jalada zimepewa namba ya folio kwa mfuatano, majalada ya siri yako chumba chake. Tatizo liko nyuma ya jengo.

Stoo ni chumba kirefu chenye dirisha moja lililozibwa kwa bati. Hati za malipo zimejazwa kwenye viroba. Majalada binafsi ya watumishi, waliostaafu na waliofariki, yamelazwa sakafuni. Ramani zimekunjwa na kusimamishwa pembeni kama fimbo. Katikati kuna viti vibovu, kompyuta za zamani na tairi mbili za Land Rover.

Watumishi wawili vijana walikuwa tayari na mifuko ya taka, wakaniuliza waanze na kipi. Nikawaomba wasitoe hata karatasi moja. Kwanza tumechora ramani ya chumba, kila lundo tumelipatia namba na kulipiga picha. Sababu ni hii: lundo lina asili. Karatasi zisizo na jina zikiwa zimelala juu ya majalada ya kilimo, kuna uwezekano mkubwa zilitoka kilimo. Ukishazichanganya ili zionekane nadhifu, umefuta kitu pekee kilichokuwa kinakuambia ni za nani. Unadhifu wa namna hiyo umeharibu kumbukumbu nyingi kuliko panya.

Na juu ya kuchoma, sheria haina utata: hakuna kumbukumbu ya umma inayoteketezwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nimelirudia hilo kwa kila aliyepita mlangoni leo, kwa sababu msimu wa kuhama ndio msimu wa moshi.

Kisha mchwa. Tumeyatoa malundo ya ukutani, na hapo ndipo tukaona njia za udongo zimepanda hadi usawa wa kiuno. Tumeagiza chaga za mbao zilizopuliziwa dawa, malundo yainuliwe kutoka sakafuni na yakae mbali na ukuta kiasi cha mtu kupitisha mkono na tochi. Dawa ya mchwa inasaidia, ila nafasi ya kuchungulia inasaidia zaidi; mchwa anayeonekana mapema hali kitabu kizima.

Kwenye viroba vya mapato kuna jambo limenisikitisha. Risiti za POS, mashine za kukusanyia mapato, zile karatasi laini za joto, zimebaki nyeupe. Maandishi yametoweka kabisa. Mhasibu mmoja alizibana kwa uangalifu mkubwa, tarehe kwa tarehe, na sasa ameshika vipande vitupu. Karatasi za aina hiyo hazikutengenezwa zidumu, hazipendi joto wala mwanga, na stoo yenye paa la bati ina vyote viwili. Dawa ni kuzitolea nakala kwenye karatasi ya kawaida mapema, au kuchapa taarifa ya siku kutoka kwenye mfumo na kuisaini. Mkaguzi kutoka kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akiomba kielelezo, hawezi kukagua karatasi nyeupe, na hoja ya kielelezo kukosekana huandikwa vilevile, iwe fedha ililiwa au haikuliwa.

Alhamisi

Usiku imenyesha. Asubuhi lundo la kona ya mashariki limelowa upande mmoja.

Ndani yake kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu la kijani: mihtasari ya vikao vya Baraza la Madiwani, kuanzia 1984. Ni baraza lile lile lililorudi baada ya miaka ya kufutwa. Kimeandikwa kwa mkono, kwa wino wa bluu, na mwandiko wa karani yule ni mzuri kiasi kwamba nilitaka kumjua. Kurasa za kuanzia zilikuwa zimekolea maji na kushikana.

Kitabu kilicholowa kina kama siku mbili kabla ya ukungu kuanza, kwa hiyo kazi nyingine zote zimesimama. Hatukukianika juani, maana jua linapinda karatasi na kupausha wino. Tumekisimamisha wima juu ya meza, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, kwenye chumba chenye feni inayopeperusha hewa bila kukipiga usoni. Kati ya kurasa tumepachika karatasi nyeupe zisizochapwa kitu. Gazeti halifai, wino wake unahamia. Kila karatasi ya kunyonya ikilowa tunaibadilisha. Kurasa zilizoshikana hatukuzivuta. Dada wa masijala alitaka kupitisha kisu, nikamwomba asubiri, na kufikia saa tisa alasiri mbili zilikuwa zimeachana zenyewe.

Wakati tukisubiri tumetoa pini. Hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuidharau mpaka aifanye. Pini iliyoshika kutu imeshaungana na karatasi, ukiivuta inaondoka na tundu lenye ukubwa wa shilingi, na mara nyingi tundu hilo linakaa pale palipo na tarehe au saini. Tunaingiza kipande chembamba cha plastiki chini ya miguu ya pini, tunaikunjua mguu mmoja mmoja, tunageuza karatasi, tunaisukuma itoke. Baadaye kurasa zinashikizwa kwa kamba ya faili kupitia matundu yaliyokuwepo. Tumetoa kopo zima la kutu.

Ukurasa mmoja ulipokauka niliusoma kwa sauti. Madiwani walikuwa wakijadili ni majalada gani yaliyoko ofisi ya mkoa ni mali ya halmashauri na yarudishwe. Waliazimia kuandika barua. Sijui kama ilijibiwa, lakini sasa nina tarehe ya kikao na namba ya muhtasari, na kwa hivyo viwili barua inaweza kutafutwa. Nimepiga mstari chini ya yale maandishi yangu ya Upanga.

Ijumaa

Asubuhi amekuja mzee mmoja amevaa koti safi, mkononi ana bahasha ya kaki. Tulisalimiana. Alikuwa fundi wa maji, akiitumikia halmashauri tangu miaka ya themanini. Sasa amestaafu na anahitaji barua ya kuajiriwa na ile ya kuthibitishwa kazini, maana kwenye taarifa zake za mafao tarehe hazilingani.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeambiwa jalada langu halipo. Mimi nipo. Sasa nimpeleke nani?"

Historia yake inaeleza namna majalada yanavyopotea. Mwaka 2017 wahandisi na mafundi wa barabara walitoka halmashauri kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2019 wa maji nao wakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoanzishwa kwa sheria ya maji ya mwaka huo. Mifuko ya pensheni nayo iliunganishwa mwaka 2018, LAPF ya watumishi wa serikali za mitaa ikiwa mojawapo ya iliyomezwa na PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kwa miaka michache mtumishi mmoja alibadilishiwa mwajiri na mfuko bila kuhama nyumba. Mtu alihamia kwa jina kwenye orodha. Jalada lilitakiwa lihamie kwa mkono wa mtu, na mkono huo ulitakiwa uandike mahali: nimelipeleka, fulani amelipokea, lina folio kadhaa.

Tumelitafuta kwenye lundo la idara ya maji, si kwenye lundo la utumishi. Hapo ndipo ramani yetu ya Jumatano ilipolipa. Jalada kuu hatukulikuta. Tulichokikuta ni jalada la muda, lililofunguliwa wakati jalada kuu likiwa mikononi mwa ofisa fulani na halikurudishwa kwa wakati. Jalada la muda linatakiwa liunganishwe na kuu linaporudi. Hili halikuunganishwa, na ndilo lililomwokoa mzee. Ndani kulikuwa na nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini, na barua hiyo inataja tarehe na kumbukumbu namba ya ile ya ajira.

Hatukumkabidhi jalada. Dada wa masijala ametoa nakala, mkuu wa utumishi ameithibitisha kwa muhuri na saini, asili imerudi ndani na karatasi ya madokezo imeandikwa kilichofanyika. Mzee aliisoma barua yake akiwa amesimama, taratibu, neno kwa neno. Kisha akaomba akae.

Mchana tumehamishia majalada binafsi yote kwenye chumba chenye kufuli mbili. Yana taarifa za ugonjwa, za nidhamu, za wategemezi. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuyaacha kwenye korido ni kosa kisheria. Kwa utu, lilikuwa kosa siku zote.

Jumamosi, kijijini

Mkurugenzi alinisihi nione angalau kijiji kimoja. Ofisi ya mtendaji ina meza, benchi na kabati la chuma ambalo halifungi. Juu ya kabati kuna daftari la wakazi, ndani kuna mihtasari ya mikutano mikuu ya kijiji na rejista ya ardhi.

Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa papo hapo na halmashauri ya kijiji, kwa ridhaa ya mkutano mkuu. Hati ya hakimiliki ya kimila ikitolewa, nakala moja inabaki kwa mwenyewe, nyingine kijijini, nyingine wilayani. Mpango mzuri sana, kwa sababu moto hauwezi kuziteketeza zote tatu kwa usiku mmoja. Lakini familia nyingi bado hazina hati hiyo. Walicho nacho ni mistari miwili kwenye daftari la mkutano: fulani amepewa ekari kadhaa, kutoka mti ule hadi korongo lile, wajumbe wamekubali. Daftari likipotea, ushahidi unabaki kwenye vichwa vya wazee.

Mwenyekiti ni mpya, alichaguliwa Novemba 2024. Nilimwuliza alipokea nini kwa mtangulizi wake. Akanionyesha muhuri. Tulimtuma kijana kwa mwenyekiti aliyemaliza muda, naye, mzee muungwana, akaja na mfuko wenye madaftari manne. Aliyaweka nyumbani ili yasiliwe na panya ofisini, na kwa kweli yako katika hali nzuri kuliko yale ya kabatini. Hakuna aliyemwomba. Tumekaa pale chini ya mti, mwenyekiti wa zamani, mpya na mtendaji, tukaandika kila daftari: linaanza tarehe gani, linaishia lini, kurasa ngapi, ngapi zimechanika. Wamesaini wote watatu, nakala moja imebaki kijijini na nyingine nimeibeba kwenda wilayani. Shughuli nzima haikuchukua hata saa mbili.

Jumapili

Safari ya basi kupitia Manyoni na Itigi. Vichaka vya Itigi pande zote mbili, kijani kibichi kwa mvua. Nimelala.

Jumatatu, Tabora

Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa Tabora, na wengi wa watunza kumbukumbu ninaokutana nao masijala wamepita humu. Nilialikwa kuzungumza na wanaomaliza mwaka huu.

Mmoja aliuliza swali nililolitarajia: si tutaskani kila kitu, na Ofisi Mtandao, mfumo wa serikali wa kushughulikia barua na majalada kwa kompyuta, ipo? Nilimjibu kwamba ndiyo, tuskani, na barua mpya zianze maisha yake kwenye mfumo. Ila kuskani stoo isiyopangwa kunazaa stoo nyingine, safari hii ndani ya kompyuta, yenye picha zinazoitwa 0001 hadi 9000 na hakuna anayejua ni za nani. Panga, orodhesha, kisha skani kwa kiwango kinachosomeka, nukta 300 kwa inchi au zaidi, kwa muundo unaokusudiwa kudumu kama PDF/A. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya jengo. Na mtumishi mwenye nywila akihamishwa, nywila na mafaili vikabidhiwe kwa maandishi kama daftari la kijiji. Mashine haibadilishi sharti hilo.

Niliwagawia fomu ya makabidhiano tuliyoiandika chini ya mti, tukaijaribu darasani kwa jalada la mfano. Waliona upungufu ambao sisi hatukuuona: haikuwa na nafasi ya kuandika kisichokuwepo. Binti mmoja alisema anayepokea asaini pia kwamba folio fulani alizikuta hazipo, la sivyo kosa la mwaka jana litamwangukia yeye. Ni kweli kabisa. Safu hiyo imeongezwa.

Jioni mkurugenzi wa halmashauri amenipigia. Kitabu cha mihtasari kimekauka chote, na amemwandikia Katibu Tawala wa Mkoa kuuliza juu ya majalada ya kabla ya 1984, akitaja muhtasari ule kwa tarehe na namba. Gari la kuhamia jengo jipya limeahirishwa mpaka orodha ya stoo iishe na isainiwe na anayetoa na anayepokea. Kesho napanda basi la kurudi. Lundo la ramani bado halijafunguliwa.